Mama wa Bwana Harusi

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani tangu nilipokuwa kijana mwenye kamera mbili begani na mashaka mengi moyoni. Nimesikia nawe umeanza kuwapigia watu picha za harusi hapa Sydney. Nimesikia pia kwamba ukirudi nyumbani unasimulia: yule bibi harusi hakucheka hata mara moja, yule mkwe alikuwa amelewa kabla keki haijakatwa, wale wawili hawatafika mbali. Kaa hapa karibu. Chai ipo. Mimi baba yako mkubwa nitakueleza habari ya harusi moja ya Wakorea, kisha utaamua mwenyewe macho yako uyape kazi gani.

Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Sisi, unajua, tulizaliwa Uvira tukakulia kambini Kigoma, ndiyo maana mama yako hunicheka akisema Kiswahili changu kimegeuka cha Kitanzania. Kupiga picha nilijifunzia Kasulu, kwenye kibanda cha fundi mmoja wa picha za pasipoti. Mtu anakaa kwenye stuli, pazia la buluu nyuma yake, usicheke, usifumbe macho, tayari. Nilipofika huku, siku za kazi nilikuwa ghalani Smithfield naendesha foklifti, na wikiendi napiga harusi za watu wetu. Harusi zetu hazina shida. Ukielekeza lenzi kwa shangazi, shangazi anashika kiuno. Watu wanakutafuta wao, wanakuvuta shati: na mimi, na mimi, hii hukunipiga vizuri, rudia. Sikuwahi kukutana na mtu anayeikimbia kamera siku ya harusi.

Pale ghalani palikuwa na kijana Mkorea, jina lake Junho. Mtu mpole, mchapa kazi, anakula peke yake chakula chake cha wali uliovingirishwa, na kila akikupa kitu, hata kalamu, anakupa kwa mikono miwili. Zaidi ya salamu ya asubuhi sikumbuki kama tuliwahi kuzungumza. Basi siku moja wakati wa mapumziko akanifuata nje nilikokuwa nimeketi.

"Kaka Elisha, wewe unapiga harusi?"

"Napiga."

"Mimi naoa. Nataka unipigie. Lakini uje peke yako. Usilete msaidizi."

Nikafurahi, nani asingefurahi? Nikampa mkono. Halafu akaendelea, na furaha yangu ikaanza kupungua. Alisema picha yoyote isiende mtandaoni, wala kwangu wala kwa mtu mwingine, hata ya kutangazia kazi yangu. Nikasema sawa. Kisha akainamisha kichwa akawa anaangalia viatu vyake.

"Na wazazi wangu usiwapige kwa karibu. Hawapendi."

Nikarudi kwenye foklifti yangu lakini akili haikurudi. Lidcombe pale, Strathfield pale, wamejaa wapiga picha Wakorea wenye studio na taa na kila kitu. Kwa nini huyu amfuate Mkongo asiyejua hata kusema asante kwa lugha yake? Jioni nikamwelezea mke wangu, Mama Zawadi. Alikuwa anakatakata sombe, majani ya muhogo, hata hakuinua macho.

"Huyo ana mke kwao," alisema. "Ameacha mke na watoto huko alikotoka. Anatafuta mpiga picha ambaye hatasikia watu wanasema nini."

"Labda wazazi wake ni wazee tu, hawapendi kamera."

"Mzazi gani hapendi kupigwa picha na mwanawe siku anaoa? Elisha, mimi nimezaa. Usiniambie."

Unajua jinsi neno la mtu unayemwamini linavyoingia. Kuanzia jioni ile sikuwa tena na mashaka ya kwangu peke yangu, yalikuwa ya nyumba nzima. Nikawa ghalani namchunguza Junho. Akipokea simu na kusogea pembeni, najiambia: anaongea na yule wa kwao. Akicheka, najiambia: anacheka kwa sababu amemdanganya yule msichana wa watu. Kijana wa watu hakuwa amebadilika hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nimebadilika.

Siku ya harusi ikafika. Kanisa lilikuwa Lidcombe, si mbali na stesheni, na nyuma yake kuna ukumbi wa chakula na vyumba vya watoto wa shule ya Jumapili. Nilifika mapema, nikaona nitakavyotembea: nianzie mlangoni, nipite pembeni, nisimame karibu na nguzo ya kushoto. Ukiwa peke yako, mwanangu, huna wa kukusaidia upande wa pili. Ukimpiga bibi harusi anaingia, uso wa bwana harusi anapomwona umekupita. Lazima uchague, na ukichagua uwe umeshajua kwa nini. Mimi siku ile nilikuwa nimechagua vibaya tangu asubuhi, maana nilikwenda kutafuta uongo.

Kwa Wakorea, mama wawili ndio wanaoanza. Mama wa bibi harusi amevaa hariri ya waridi, mama wa bwana harusi hariri ya buluu, sketi pana kama kengele, na wanatembea pamoja hadi mbele kuwasha mishumaa. Nilikuwa na lenzi ndefu begani. Nilikumbuka nilichoambiwa, kwamba wale wazazi nisiwapige kwa karibu. Sikupiga. Lakini kutazama sikukatazwa, basi nikaivuta lenzi mpaka uso wa yule mama wa buluu ukajaa kwenye kioo.

Moto wake ulikosa utambi. Mshumaa ulikataa kushika, akajaribu tena, na yule wa waridi akalazimika kumshikia kifundo cha mkono. Sura yake na ya Junho hazikukutana popote, si pua, si kidevu, si masikio. Nikasema moyoni, sura si kitu, wapo watoto wanaofanana na majirani. Lakini ilipofika zamu ya picha za familia, niliwapanga mwenyewe kwa ishara za mikono, nikamwambia yule mama, "Mshike mwanao," nikamwonyesha kwa vitendo. Alinitazama. Kisha akamtazama Junho, kama mgeni anayeuliza kama anaruhusiwa kukaa kwenye kiti hiki. Junho akainamisha kichwa kidogo, ndipo yule mama akaweka mkono begani kwake, vidole tu, kana kwamba shati lina unyevu.

Nimepiga akina mama wengi. Mama hamwombi ruhusa mwanawe kumgusa. Mama atamlambia kidole amfute uso mbele ya mchungaji na asione haya. Nikajua kama ninavyojua jina langu: huyu si mama yake. Na yule mzee aliyesimama kando yake kama baba, anayecheka na kila mtu isipokuwa Junho, si baba yake. Junho ameleta watu wa kukodi. Mama Zawadi alisema kweli.

Sasa muda wote huo kulikuwa na mtu ananichunguza mimi. Mama wa bibi harusi, tumwite Mama Sumi, maana binti yake aliitwa Sumi. Nikipita huku, yupo. Nikiinama kubadilisha betri, naona viatu vyake vya hariri mbele yangu. Nikadhani ni yale yale tuliyozoea madukani, mtu mweusi na begi kubwa, peke yake, anapita kwenye vyumba ambako wanawake wameweka pochi zao. Nikaacha begi langu wazi makusudi, aone hamna kitu ila waya. Niliumia, lakini nilikuwa kazini, nikaendelea.

Ibada ilipokwisha na wageni wakaanza kwenda ukumbini, akanibana karibu na mlango wa jiko. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho makali, na Kiingereza chake kilikuwa cha miaka mingi ya dukani.

"Wewe unafanya naye kazi," alisema.

"Ndiyo, mama. Smithfield."

"Ni mtu mzuri?"

"Ni mchapa kazi."

"Sikukuuliza hilo." Akaangalia nyuma yake, akaona hakuna mtu, akaelekeza kidole kwenye kamera. "Nimekuona. Tangu asubuhi unamtazama yule mwanamke. Mimi pia. Nionyeshe picha yake. Ikuze. Wewe ni mtu wa nyuso. Niambie, yule ni mama yake?"

Mwanangu, kumbe hakuwa ananishuku mimi! Alikuwa ananifuata kwa sababu alitaka shahidi. Na mimi nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nalo kamili, limeiva, na ile picha ya familia ilikuwa humo kwenye kamera, bonyeza mara mbili uone vidole vile vya woga. Kama ningebonyeza, harusi ile ingeishia pale mlangoni pa jiko, supu ikiwa motoni na wageni wakiwa wameshaketi.

Sijui ni nini kilinizuia. Labda ni yale macho yake. Hayakuwa macho ya mtu anayetaka kujua, yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua na anatafuta wa kumwunga mkono. Nikayaona nikajiuliza kama na yangu yako hivyo.

"Mama," nikamwambia, "picha nitazikabidhi kwa aliyeniita. Nipe dakika kidogo."

Hakupenda. Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake. Nikaondoka upesi kwenda kumtafuta Junho.

Nilimkuta kwenye chumba cha shule ya Jumapili, kwenye viti vidogo vya watoto na michoro ya safina ukutani. Pale palikuwa pameandaliwa ile shughuli yao ya baada ya kanisa: meza fupi yenye matunda makavu mekundu kama tende, mito ya kukalia sakafuni, na watoto wawili, yaani bibi na bwana harusi, huja wakiwa na nguo za kale kuwainamia wazazi mpaka paji la uso liguse mikono. Junho alikuwa anahangaika kufunga mkanda wa joho lake. Nikafunga mlango.

"Junho, sitakuzungusha. Yule si mama yako."

Mkanda ukamponyoka.

"Sijamwambia mtu," nikasema. "Lakini mama mkwe wako ameona. Ameniuliza sasa hivi. Kama una mke mahali, niambie, nichukue kamera zangu niende zangu, maana sitapiga picha ya msichana anayedanganywa."

Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakapanda hadi kifuani. Nilitegemea aape, akasirike, anifukuze. Alianza kuongea polepole, kama mtu anayetafsiri kitu alichokisema mara nyingi akiwa peke yake.

Alitoka kaskazini. Si ile Korea tunayonunua simu zake, ile nyingine. Alivuka mto akiwa kijana mdogo, maji yakiwa barafu, na akapita nchi nyingi kabla ya kufika hapa. Mama yake alibaki, na dada yake alibaki. Huko mtu akijulikana ametoroka, waliobaki ndio wanaolipa. Kwa majirani wa mama yake, Junho alikwisha kufa zamani, na ilibidi abaki amekufa. Hata jina la Junho alilipata njiani. Wale wazee wawili walikuwa mume na mke wasio na watoto, waliompokea nyumbani kwao Campsie alipofika hana pa kulala. Walikubali kusimama mahali pa wazazi wake kwa siku moja, na walikuwa wanakufa kwa hofu tangu asubuhi.

"Kwa hiyo ukanichagua mimi."

"Mpiga picha Mkorea angesikia ninavyoongea. Angeuliza unatoka wapi, wazazi wako wa wapi. Wewe huwezi kusikia."

"Sumi anajua?"

"Anajua kila kitu."

"Na mama yake?"

Akatikisa kichwa. "Mama yake anapenda watu. Kila kitu anakiweka mtandaoni. Hata supu."

Nikakaa na mimi kwenye kiti kidogo. Ningesema nini? Nami kambini nilimwita baba mtu asiye baba yangu, kwa sababu baba yangu alibaki Uvira, na hatukutaka mtu yeyote aulize habari zake. Nilimwita hivyo kwa miaka, mbele za watu, bila kukosea. Na bado nilimwona mwenzangu anafanya jambo lile lile nikamvisha mke na watoto ambao hakuwa nao.

"Mwambie leo," nikasema. "Kabla hujapiga magoti kwenye ile meza. Ameshaanza kujijibu mwenyewe, na jibu alilonalo ni baya kuliko kweli yako."

"Siwezi."

Ndipo mlango ukafunguliwa. Aliingia Sumi, amevaa hariri nyekundu, amemshika mkono bibi yake, mzaa mama, kikongwe mwenye mgongo uliopinda na fimbo ya bati. Nyuma yao Mama Sumi. Na nyuma kabisa, wale wazee wawili wa Campsie, wameshikana mikono kama watoto waliopotea sokoni.

Mama Sumi hakusubiri. Alimnyooshea kidole yule mama wa buluu na kusema maneno ya haraka. Sikuelewa hata moja, lakini swali lile halihitaji lugha. Sumi alikuja kusimama karibu yangu akawa ananitafsiria kwa Kiingereza cha kunong'ona, sijui kwa nini, labda kwa sababu mimi ndiye peke yangu mle ndani nisiyekuwa ndugu wa mtu.

Junho alipiga magoti. Akasema yale aliyoniambia, safari hii kwa lugha yake. Alimalizia na mama yake. Mama Sumi alikuwa amesimama wima, rangi imemtoka. Na hapo kabla mtu hajasema neno, kile kikongwe kikasogea mbele kwa fimbo yake, kikainama karibu na uso wa Junho na kumwuliza jambo moja fupi.

Kijana yule akalia kwa sauti, kama mtoto.

"Bibi amemwuliza kama amekula," Sumi alininong'oneza. "Lakini amesema kama wanavyosema huko. Matamshi ya huko. Sijawahi kumsikia bibi akiongea hivyo."

Kumbe bibi alizaliwa kaskazini. Wakati wa vita vyao, akiwa msichana, mama yake alimtanguliza na majirani, sufuria kichwani, akamwambia nenda, tunakuja nyuma yako. Hawakuja. Siku Junho alipoletwa nyumbani kwa akina Sumi mara ya kwanza, alifungua mdomo kusalimu, akajitahidi sana kusema kama watu wa kusini, na bibi akasikia kijiji kizima ndani ya salamu ile. Akanyamaza. Alijua kijana akinyamaza ana sababu.

Mama Sumi aliketi. Kiti kilikuwa kidogo, sketi yake ya waridi ikakifunika chote.

"Mama," alisema, "kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?" bibi akamjibu. "Tunalala nyumba moja. Uliona jambo, ukaenda kumwuliza mtu wa nje." Akanielekezea fimbo.

Kisha akanigeukia mimi, na Sumi akalazimika kutafsiri ingawa aliona haya.

"Na wewe, mwenye kamera. Umemtazama huyu mama mchana kutwa. Umeona nini?"

"Nimeona anaogopa, bibi."

"Ukajiuliza anamwogopa nani?"

Nikaishusha kamera kifuani.

"Alikuwa anakuogopa wewe," akasema. "Macho yako yalikuwa mazuri. Umeona kweli. Lakini ulipoona mtu anaogopa hukupunguza, ulisogeza kile chuma chako karibu zaidi."

Nimekaripiwa na watu wengi maishani, mwanangu, mabosi, wachungaji, baba wa mke wangu. Hakuna karipio lililonikaa kama lile, kutoka kwa bibi ambaye kichwa chake hakikufika kifuani kwangu.

Halafu akaanza kupanga watu kama jemadari. Yule mama wa buluu alikuwa anataka kutoka, analia, anaomba msamaha; bibi akamkatalia, akamketisha nyuma ya meza na mumewe kando yake. Mbele yao, katikati kabisa, akaweka mto mtupu. Hakueleza. Junho akauona, akajua ni wa yule mama aliyebaki. Sumi akashika joho lake, wakainama wote wawili chini kabisa, wakakaa chini hivyo muda mrefu. Mama Sumi aliinuka kwenye kile kiti kidogo, akaenda kumfuta yule mama wa buluu machozi kwa mkono wa hariri yake, bila kumwomba mtu ruhusa.

Nikamwuliza bibi kwa ishara: nipige?

"Piga migongo," akanijibu kwa fimbo, akiielekeza migongoni mwao.

Nikazunguka nyuma yao. Nikashusha lenzi wazee wasiingie, nikapiga migongo miwili iliyoinama na mto mtupu mbele. Hakuna uso hata mmoja kwenye picha ile. Kati ya picha zote za siku ile, hiyo ndiyo Junho aliyoitundika ukutani.

Usidhani mashaka yangu yaliishia pale. Yaligeuka tu upande. Tulipoingia ukumbini kwenye chakula niliona mwanamume amevaa suti ya kijivu, meza ya pembeni, ameinua simu anampiga Junho. Kila mtu ana simu, najua. Lakini huyu hakumpiga bibi harusi, hakupiga keki, alimpiga Junho tu, na alikuwa haongei na watu wa meza yake. Mara hii sikuvuta lenzi. Nilifanya kazi ambayo mpiga picha wa peke yake anaweza kuifanya vizuri kuliko mtu yeyote, nikawa kero. Akiinua simu, mimi napita mbele yake. Akihama, nahama. Flashi yangu ikawa inamlipukia machoni. Mwisho akanifuata kwenye meza ya matunda, akatabasamu.

"Bwana harusi anatoka mji gani?"

"Smithfield," nikamjibu.

Alicheka kidogo, akaondoka kabla ya keki. Nikamwuliza Mama Sumi kama anamjua, akasema alidhani ni mgeni wa upande wa bwana harusi. Nikamwuliza Junho, akasema alidhani ni wa upande wa mkewe. Yawezekana alikuwa mpita njia aliyependa supu. Yawezekana sivyo. Mpaka leo sijui, na miaka imepita bila neno baya kufika, ashukuriwe Mungu.

Junho na Sumi wako pamoja, wana watoto, wamehamia nje ya jiji. Wale wazee wa Campsie watoto wanawaita babu na bibi. Na Mama Sumi, yule wa kuweka mpaka supu mtandaoni, harusi ya binti yake wa pekee hakuiwekea hata picha moja. Wenzake kanisani walimcheka wakisema amegombana na mkwewe. Aliwaacha waseme. Mama yake Junho, yule wa kaskazini, kama yu hai au la, sikuwahi kuuliza. Anayetaka kuniambia ataniambia.

Nilipofika nyumbani, Mama Zawadi alinidaka mlangoni: "Ehe? Ana mke?" Nikamwambia, "Anaye. Amemwoa leo." Hakuridhika, lakini sikuongeza.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nitaisema wazi usije ukasema baba mkubwa alizunguka. Sikuambii uache kushuku. Macho yako yakikuonyesha jambo haliko sawa, yaamini. Mara nyingi kweli kuna jambo. Ila kuona kwamba kuna jambo si kulijua jambo lenyewe. Hapo katikati ndipo tunapoingiza wake wasiokuwepo na wizi usiofanyika. Ukishuku, nenda kwa mwenyewe, mlango umefungwa, mwulize kwa mdomo wako. Usiende kwa jirani wala kwa rafiki yako, na usiende kwenye simu. Na kama mtu anakuuliza habari za mwingine huku amekwisha kuamua, usimpe kipande cha ushahidi anachokikosa, hata kama unacho mfukoni. Ukiona mtu anaogopa, rudi nyuma hatua moja kwanza, mpe nafasi ya kupumua. Na ukipewa siri, ilinde kama ya ndugu yako, ukiwa kero inapobidi.

Mungu ayape macho yako ukali na moyo wako subira. Watu wakuite kwenye siku zao kubwa bila woga, na uondoke ukiwaacha salama kuliko ulivyowakuta. Nyumba yako isikose wa kukuuliza kama umekula. Amina. Haya, nimiminie chai nyingine, kisha unionyeshe hizo picha zako, moja moja, polepole.